Paka mwoga ataka nyumba tulivu

Jumapili moja jioni, nyumbani kwangu Ukunda, watoto waliniita bafuni. Paka wetu, dume wa rangi ya kijivu waliyempa jina la Simba, alikuwa amechutama ndani ya karai la mchanga, mgongo umepinda, anajikamua. Alitoka, akazunguka kidogo, akarudi na kuchutama tena. Mchanga ulikuwa mkavu. Mimi ni daktari wa binadamu, na daktari ni mwepesi wa kutoa uamuzi hata pale asipoulizwa. Nikasema amefunga choo. Nikamnywesha kijiko cha mafuta ya kupikia, nikarudi sebuleni kutazama taarifa ya habari.

Asubuhi tulimkuta amejibanza chini ya sinki. Alikuwa ametapika mara mbili na chakula hakukigusa. Nilipompapasa tumbo alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa paka, na vidole vyangu vikakutana na kitu kigumu cha mviringo, kama limau kubwa. Daktari wa mifugo tuliyemkimbilia, kijana wa kunizaa mimi kuliko mimi kumzaa yeye kwa maarifa aliyokuwa nayo siku hiyo, hakuchukua hata dakika moja.

"Daktari," akaniambia kwa heshima iliyonichoma, "huyu hakufunga choo. Amezibwa mkojo. Ungalingoja hadi kesho ungalimzika."

Akamlaza kwa dawa ya usingizi, akampitisha mpira mwembamba, na mkojo ukatoka mwekundu kama maji ya rozela. Ulipopimwa haukuonyesha vijidudu. Kibofu kilipopigwa picha hakikuwa na jiwe. Kijana yule akakaa kitako, akaanza kuniuliza habari za nyumba yangu: tuko wangapi, tunaishi wapi, wiki iliyopita kulikuwa na nini. Nilipomaliza kumjibu nilikuwa nimekwisha kuelewa. Ugonjwa wa Simba ulikuwa ni nyumba yangu.

Tuliambiwa, hatukusikia

Simba tulimpata katika makao ya wanyama. Kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wale paka wa Diani wanaoishi kwa mabaki ya jikoni za hoteli. Msomaji uliyewahi kutembea pwani ya kusini unawajua. Watalii wakijaa Desemba, paka hula kuku na samaki na kunona. Mvua za masika zikija, hoteli zikipunguza wageni au kufunga, hubaki wakizurura kwenye mapipa. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli, hali yao ilizidi kuwa mbaya. Baadhi huokotwa wakiwa na vidonda na kukonda, na waliobahatika hufikishwa mahali pa kutunzwa. Humu nchini kazi hiyo si ngeni. Chama cha KSPCA kimekuwa kikiwatetea wanyama tangu mwaka 1910.

Mama aliyekuwa akimtunza Simba alituambia waziwazi: "Huyu ni mwoga. Ataka nyumba tulivu, ya watu wazima, isiyo na mbwa." Tuliitikia kwa vichwa. Mimi na mke wangu tulidhani huruma yetu ingetosha. Watoto wetu watatu ni wapole, lakini hakuna watoto watatu walio kimya. Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Bodaboda hupita hadi usiku wa manane. Kisha jirani akafiwa, na kwa usiku tatu mfululizo tukawa na disko matanga, vipaza sauti vimeelekezwa kwetu. Sisi binadamu tulilalamika, tukaziba masikio kwa mito, tukalala. Simba hakuwa na pa kwenda. Usiku wa tatu ndipo mkojo ulipofunga.

Ikumbukwe kuwa paka hasikii kama tusikiavyo sisi. Sikio la binadamu kijana mwenye afya husikia sauti zenye mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde. La paka hufika 64,000 na zaidi, kwa sababu liliumbwa kumsikia panya akinong'ona ndani ya majani. Mashine ya kukatia chuma ambayo mimi huiona kero tu, sijui yeye huiona nini.

Kibofu kinachoogopa

Ugonjwa huu una jina refu kwa kimombo, lakini maana yake ni kibofu kuvimba bila chanzo kinachoonekana. Mtafiti Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, aliushughulikia kwa miaka mingi. Alivutiwa na jinsi unavyofanana na maumivu sugu ya kibofu yanayowapata binadamu, hasa wanawake. Wagonjwa wa namna hiyo nawajua. Mama anakuja kliniki, anaungua, anakwenda haja ndogo kila mara, mkojo ukipimwa ni safi. Anapewa dawa za kuua vijidudu mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na hakuna anayemuuliza analala vipi au nyumbani kuna nini. Mimi mwenyewe nimewahi kutoa dawa hizo.

Kwa paka mwoga, mambo huenda hivi. Hofu inapokuwa ya kila siku, neva zinazoamsha mwili kwa ajili ya kukimbia au kupigana hazipati kupumzika. Utando unaoukinga ukuta wa kibofu hudhoofika, mkojo huuchoma ukuta, na ukuta huvimba na kutoa damu. Jike hupata maumivu na kukojoa matone nje ya karai, akachapwa kwa ukaidi. Dume yuko hatarini zaidi, maana mrija wake wa mkojo ni mwembamba mno. Huziba kwa ute na chembechembe, au kwa kujikaza tu. Mkojo usipotoka, figo hushindwa kutoa sumu, madini ya potasiamu hupanda katika damu, na moyo husimama. Siku mbili au tatu zinatosha kumuua.

Kwa hiyo likamate hili hata ukisahau mengine yote: paka dume anayekwenda karaini mara kwa mara na hatoi kitu, anayelia au kujilamba sana sehemu za siri, ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usimpe mafuta. Wala usimpe Panadol, tafadhali. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumuua. Nimeshangaa ni wangapi wasiolijua hili, wakiwamo madaktari wenzangu.

Tiba yenyewe, baada ya mpira na dawa za maumivu, haiuzwi dukani. Mwaka 2006 Buffington na wenzake walichapisha habari za paka 46 wa majumbani waliokuwa na ugonjwa huu. Wenyewe waliombwa kuyabadilisha maisha ya paka: mahali pa kujificha, pa kupanda juu, karai safi mbali na chakula, mchezo, na ugomvi na paka wengine upunguzwe. Walifuatiliwa kwa miezi 10. Dalili za kibofu zilipungua, na woga nao ukapungua.

Jiulize kabla ya kwenda

Ukiambiwa katika makao ya wanyama kuwa paka fulani anahitaji nyumba tulivu, usidhani unatishwa au unabaguliwa. Keti usiku mmoja nyumbani kwako, zima televisheni, usikilize. Kuna baa? Kuna karakana? Wageni wa Mombasa huja kila wikendi? Mtoto wako mdogo bado hufukuza kila chenye mkia? Je, yuko mbwa, au kuna paka shume wa mtaa anayekuja kutia alama mlangoni kwako? Huku Diani ongeza swali la kima na tumbili, maana wakishuka kwenye paa la mabati paka mwoga hujificha kutwa nzima.

Si lazima nyumba iwe kimya kama kaburi. Paka huzoea sauti inayokuja kwa saa zake: adhana, jogoo, basi la shule. Kinachomvunja ni kishindo kisichotabirika na asichoweza kukikimbia. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kinaweza kumwokoa, hata katika nyumba ya kawaida. Mimi sikuwa na chumba hicho, na nilipaswa kulisema hilo siku ile ya kwanza.

Muulize mtunzaji mambo matatu au manne bila haya. Anajificha saa ngapi kwa siku? Anakula mbele ya watu? Amewahi kukojoa damu? Amechanjwa na kuhasiwa? Hilo la kuhasiwa si la anasa. Dume aliyehasiwa hupigana kidogo na hazururi. Watu pia huniuliza kuhusu kile kiitwacho ukimwi wa paka. Virusi hivyo vipo, viligunduliwa California mwaka 1986, na huenea zaidi kwa kuumana. Binadamu haviwapati.

Safari nayo ni mtihani. Kapu lenye mfuniko au tenga la kuku linafaa, ukilitandika nguo yenye harufu aliyoizoea na kulifunika kwa leso ili asione nje. Ukitoka Mombasa, kuliko kumpanga kwenye foleni ya feri ya Likoni saa za msongamano, king'ora kikilia juu yake, nenda alfajiri au upite barabara ya Dongo Kundu. Katika kaskazi, Januari hadi Machi, usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika za kununua mkate.

Boksi la soda

Ukifika naye, mpe chumba kimoja tu kwa wiki mbili za mwanzo au zaidi. Weka chakula upande mmoja, maji mbali na chakula, karai la mchanga mbali na vyote viwili. Kisha mpe mahali pa kujificha. Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha jaribio waliloufanya mwili wake kuwa rahisi mno: walichukua paka 19 waliokuwa wageni katika makao ya wanyama, 10 wakapewa boksi la kujifichia na 9 hawakupewa. Wenye maboksi walitulia haraka zaidi. Katoni ya soda iliyokatwa mlango ubavuni haikugharimu chochote.

Usimvute kutoka humo. Kaa sakafuni, soma gazeti lako, umpe mgongo. Akikutazama, fumba macho polepole na kuyafumbua. Mnaweza kucheka, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilipima jambo hili mwaka 2020 na kukuta paka nao hujibu kwa kufumba, na humkaribia mgeni aliyefanya hivyo zaidi ya aliyebaki na uso wa kawaida. Tena usidanganywe na kukoroma kwake. Paka hukoroma akiwa na raha, na hukoroma pia akiwa na maumivu.

Kuhusu chakula, chenye majimaji ni bora kwa kibofu kuliko kikavu. Samaki au dagaa waliochemshwa bila chumvi wakiwa na supu yao ni kitu kizuri, ila wasiwe peke yao, na ugali mtupu si chakula cha paka. Anahitaji nyama. Ndani yake mna kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho kikikosekana moyo wake hulegea. Hilo lilithibitishwa Marekani mwaka 1987.

Na afya yako wewe?

Ukurasa huu ni wa binadamu, kwa hiyo tuseme yenu pia. Paka mwoga akibanwa huuma, na jino lake ni kama sindano: tundu dogo, vijidudu viko chini kabisa. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo. Mkono unaweza kuvimba kabla ya kesho yake. Hospitalini pia ndipo itakapoamuliwa kama unahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya ugonjwa huo duniani huletwa na mbwa, lakini paka naye huupata na kuupitisha, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuumaliza kwa watu ifikapo 2030. Mpeleke paka wako chanjo.

Mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka. Vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka katika kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, basi karai lisafishwe kila siku na mtu mwingine. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri ni hatari wanayoisahau wengi. Wenye pumu wawe waangalifu zaidi. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kuwa unywele wa paka ukiumeza ndio huleta pumu. Sivyo. Kinachowasha kifua ni protini iliyo katika mate na ngozi yake, ambayo hukauka na kuruka hewani. Kama unatumia pampu ya pumu, kaa na paka huyo saa kadhaa katika makao yake kabla hujaamua.

Kuna faida pia. Mwaka 2001 Karen Allen wa Chuo Kikuu cha Buffalo alichapisha uchunguzi wa madalali wa hisa 48 wa New York wenye shinikizo la damu. Wote walipewa dawa. Nusu walipewa pia paka au mbwa. Dawa ilishusha shinikizo la kawaida kwa wote, lakini walipotiwa katika msukosuko wa akili, wenye wanyama hawakupanda sana kama wenzao. Mimi siandiki paka kwenye karatasi ya dawa, na atakayeacha vidonge vyake kwa sababu amepata paka asiseme nilimtuma.

Msambweni

Simba alipona, akarudi nyumbani, na baada ya wiki tano akaanza kujikamua tena. Safari hii nilimwahi. Tulikaa barazani, mimi na mke wangu, tukakubali kuwa hatumfai. Haikuwa rahisi. Mama mkwe alinikumbusha kuwa paka wa nyumba haingwi. Mtoto wangu wa pili hakusema nami siku mbili.

Nilimfikiria muuguzi mmoja mstaafu anayeishi peke yake nje kidogo ya Msambweni. Mumewe alifariki, watoto wake wako Mombasa na Dubai, naye huja kwangu kila mwezi kupimwa shinikizo. Ua wake una miembe na nyumba ya jirani iko mbali. Sikumficha kitu. Nilimweleza mkojo, damu, mpira, na gharama za daktari wa mifugo ambazo nilimwahidi kuchangia. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza madaktari wachanga wodini.

"Mwanangu," akasema, "wamtaka nani, mlezi wa paka au muuguzi?"

"Vyote viwili, Mama."

Tulimpeleka alfajiri, ndani ya tenga lililofunikwa kwa leso ya mke wangu, na leso hiyo tukaiacha huko. Akaingia chini ya kitanda akakaa siku 11. Mama hakumvuta. Aliweka sahani, akatoa karai, akakaa kwenye mkeka akisikiliza redio kwa sauti ya chini. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, nikiwa kliniki, simu ikalia.

"Ametoka," akasema kwa kunong'ona. "Amekaa mlangoni anitazama nikichagua mchele. Sijamsemesha."

Kisha, kama mtu anayekabidhi zamu, akanisomea ripoti: chakula amemaliza, amekojoa mara tatu tangu jana jioni, mkojo mwingi, hauna damu.